Orodha Inayoweza Kukukataa

Mwenye tovuti mpya ya biashara huupata ujumbe huu mapema kuliko anavyompata mteja wa kwanza: lipa kiasi kidogo, nasi tutaisajili tovuti yako katika mamia ya injini za utafutaji na saraka za mtandaoni. Unamfikia mwenye hoteli ndogo ya Paje, unamfikia mwenye kampuni ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, unamfikia muuza vipuri wa Gerezani pale Kariakoo. Wapo wanaolipa, na sioni sababu ya kuwalaumu, kwa kuwa hofu inayowasukuma ni ya kweli. Tovuti ambayo haitokei mtu anapotafuta haina tofauti kubwa na tovuti ambayo haikutengenezwa. Tatizo ni kwamba wanachouziwa hakina uzito wowote, na sababu yake inaeleweka mtu akitulia na kutazama jinsi orodha za mtandaoni zilivyoanza, zilivyoharibika na zilivyokufa. Orodha humsaidia aliyemo kwa kadiri ileile inavyoweza kumkataa asiyestahili. Inayompokea kila mlipaji haimwambii msomaji lolote kuhusu walioorodheshwa, na injini za utafutaji zimelijua hilo kwa zaidi ya miaka kumi sasa.

Turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa 1994 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Jerry Yang na David Filo, walianza kutunza orodha ya tovuti walizozifahamu, wakizipanga kwa mada. Baada ya muda mfupi orodha hiyo ikapewa jina la Yahoo. Haikuwa injini ya utafutaji kwa maana tuliyoizoea leo. Ilikuwa saraka, na nyuma yake walikaa watu waliofungua tovuti moja baada ya nyingine, wakaisoma, wakaamua iingie kitengo gani au isiingie kabisa. Mwaka 1998 Rich Skrenta na Bob Truel walianzisha saraka nyingine iliyokuja kujulikana kama DMOZ. Kampuni ya Netscape iliinunua mwaka huohuo, na kwa miaka mingi iliendeshwa na wahariri wa kujitolea waliofikia makumi ya maelfu. Kuingia DMOZ kulikuwa bure, lakini hakukuwa rahisi. Mhariri wa kitengo chako angeweza kukuhamishia kwingine, kuyafuta maelezo uliyojisifia na kuandika ya kwake, au kuiacha tovuti yako kwenye foleni kwa miezi kadhaa. Ugumu huo ndio uliokupa thamani ukishaingia. Google yenyewe iliendesha saraka iliyojengwa juu ya data ya DMOZ kuanzia 2000 hadi 2011.

Mwaka huohuo wa 1998 Larry Page na Sergey Brin, nao wakiwa Stanford, walichapisha maelezo ya injini waliyokuwa wakiijenga. Imezoeleka kusemwa kwamba waliiondoa hukumu ya binadamu na kuiweka mashine mahali pake. Naisoma kazi yao tofauti. Walichofanya ni kuitafuta hukumu ya binadamu mahali ilipokuwa imetawanyika tayari, yaani kwenye viungo. Mtu anayeandika ukurasa akaweka kiungo cha kwenda tovuti nyingine amechagua moja na kuziacha nyingi. Hakulazimishwa, na angeweza kutoiweka. Page na Brin waliuhesabu uchaguzi huo kama kura, tena kura ya ukurasa unaoungwa mkono na wengi wakaipa uzito mkubwa zaidi. Ukilitazama hivyo, saraka ya wahariri na hesabu ya Google vilisimama juu ya msingi mmoja: kuna mtu aliyekuwa na uhuru wa kukunyima nafasi, naye ameamua kukupa.

Fedha ndiyo iliyoutikisa msingi huo. Yahoo ilianza kutoza ada ya kukagua tovuti za biashara, ikafika dola 299 kwa mwaka. Mwanzoni ada hiyo ilikuwa malipo ya ukaguzi, na tovuti mbovu ingeweza kukataliwa hata baada ya kulipa. Baadhi ya injini nyingine zilikwenda mbali zaidi na kuuza nafasi ndani ya matokeo yenyewe, msomaji asijue kipi kimelipiwa na kipi kimepatikana kwa sifa zake, hadi Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilipoziandikia injini za utafutaji mwezi Juni 2002 ikizitaka zibainishe wazi matokeo yaliyolipiwa. Pembeni yao zikaota saraka za bei rahisi kwa maelfu. Hazikuwa na mhariri wala msomaji. Zilikuwa na fomu ya kujaza na kitufe cha kulipia, na lengo lake lilikuwa moja tu: kuihadaa hesabu ya Google kwa kura za kununua. Tarehe 24 Aprili 2012 Google ilitoa badiliko lililopewa jina la Penguin, likalenga hasa viungo vya aina hiyo, na tovuti nyingi zilizojitundika kwenye maelfu ya saraka hizo zikaporomoka. Aliyekuwa amelipa ili apande alijikuta akitafuta mtu wa kumlipa tena ili aondolewe kwenye orodha zilezile.

Baada ya hapo milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Saraka ya Yahoo ilifungwa mwishoni mwa 2014. DMOZ ilifungwa Machi 2017. Mwaka 2018 Google iliiondoa fomu ya umma iliyomruhusu mtu yeyote kuwasilisha anwani ya tovuti bila kujitambulisha, na Bing, injini ya Microsoft, ikafanya vivyo hivyo mwaka huohuo. Mwaka 2023 Google ilitangaza kuufunga hata ule utaratibu wa kuibishia hodi kila ramani ya tovuti, yaani faili linaloorodhesha kurasa zake, inapobadilika, ikieleza kwamba sehemu kubwa ya hodi hizo zilikuwa takataka. Kwa hiyo anayekuahidi leo kwamba ataiwasilisha tovuti yako kwenye mamia ya injini anakuuzia kazi ambayo mahali pake pa kufanyikia hapapo tena. Injini zenye faharasa kubwa zinazoimiliki zenyewe, yaani daftari la kurasa zote zinazozijua, ni chache sana duniani. Google peke yake hubeba zaidi ya asilimia 90 ya utafutaji wa Afrika Mashariki, na imeandika wazi kwamba haipokei malipo ili iitembelee tovuti mara nyingi zaidi au iipandishe kwenye matokeo. Matangazo ni jambo jingine, nayo huwekewa alama.

Kuna ulaghai mmoja unaostahili kutajwa peke yake kwa sababu unawanasa hata watu waangalifu. Unakuja ukiwa na sura ya ankara. Jina la kikoa chako, yaani anwani ya tovuti yako, limeandikwa kwa usahihi, kuna tarehe ya mwisho ya kulipa, kuna onyo kwamba usipolipa utapoteza, na mhasibu anayeona maandishi hayo mwisho wa mwezi anadhani ni ada ya kila mwaka ya kuhuisha kikoa. Ukisoma sentensi ndogo za chini unakuta huduma inayotozwa ni ya kusajiliwa kwenye injini za utafutaji. Mwaka 2010 FTC ilipata amri ya mahakama ya kuzuia mpango wa namna hiyo uliokuwa ukiendeshwa kutoka Toronto, Kanada, uliokuwa umewatoza fedha wafanyabiashara wadogo na hata mashirika ya hisani. Mbinu haikufa na mpango huo. Kinga yake ni rahisi: mjue kwa jina msajili wa kikoa chako, ujue tarehe kinapoisha, na ankara yoyote kutoka kwa mwingine uitupe.

Sasa tuje kwenye kazi halali ya kiufundi, maana ipo, ingawa ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Roboti ya Google hutembea kutoka kiungo hadi kiungo, huusoma ukurasa, kisha mfumo huamua kama ukurasa huo utaingizwa kwenye faharasa. Hizo ni hatua mbili tofauti, na kuzichanganya ndiko kunakoleta malalamiko mengi. Mtihani wa kwanza haumgharimu mtu kitu: andika kwenye Google neno site, weka nukta mbili, kisha jina la kikoa chako bila kuacha nafasi. Kama hakuna kinachotokea, usikimbilie kwa mtaalamu wa kupandisha tovuti. Kwanza, kama tovuti yako imejengwa kwa WordPress, fungua mipangilio yake, sehemu inayohusu usomaji, ushuke hadi chini. Pale kuna kisanduku kidogo kinachoziomba injini za utafutaji zisiiweke tovuti kwenye faharasa. Mafundi hukiweka tiki wakati wa ujenzi, jambo ambalo ni sahihi kabisa, kisha siku ya kukabidhi kazi husahau kuiondoa. Tovuti inafunguka vizuri, picha zinapendeza, mwenye mali anaridhika, na kila ukurasa unaiambia roboti isiuandike. Tiki hiyo moja inaweza kuificha hoteli kwa msimu mzima.

Kosa linalofanana nalo limo kwenye faili la robots.txt, utaratibu uliobuniwa na Martijn Koster mwaka 1994 na ukaja kuwa kiwango rasmi cha intaneti mwaka 2022. Faili hilo huiambia roboti isiingie mahali fulani. Mafundi wengine huwa wanaziba ukurasa kwa robots.txt na papo hapo wanaweka ndani yake alama ya kukataza faharasa, wakidhani ulinzi umekuwa maradufu. Kumbe wameuharibu. Roboti iliyozuiwa kuingia haiwezi kuisoma alama iliyoko ndani, na anwani ya ukurasa huo inaweza kutokea kwenye matokeo bila maelezo yoyote iwapo kuna tovuti nyingine iliyoweka kiungo cha kwenda kwake. Ukishahakikisha milango iko wazi, jisajili kwenye Google Search Console na kwenye huduma kama hiyo ya Bing, zote bure, uthibitishe kwamba kikoa ni chako, kisha uwasilishe ramani ya tovuti. Faili moja la ramani hubeba hadi anwani 50,000, kiasi kinachozidi mahitaji ya karibu kila biashara ya kwetu. Hakikisha pia kila ukurasa unasomeka kwenye simu, kwa kuwa toleo la simu ndilo Google inalolitumia kwenye faharasa. Fundi makini hayamalizi haya kwa zaidi ya siku moja.

Baada ya siku hiyo moja, hata hivyo, mwenye tovuti anaweza kufungua Search Console akakuta kurasa zake zimetembelewa na hazijaingizwa. Hapo ndipo ufundi unapokoma na hukumu inapoanza. Injini imeuona ukurasa, imeupima, na imeona kwa sasa haina sababu ya kuuhifadhi. Huenda maneno yake yamenakiliwa kutoka kwa mshindani. Huenda hakuna tovuti nyingine hata moja inayoutaja. Kuiwasilisha upya mara kumi hakutabadilisha chochote, kwa sababu kinachokosekana ni ushahidi kwamba kuna mtu mwingine, asiye mwenye tovuti, anayeuona ukurasa huo kuwa na maana.

Ushahidi wa namna hiyo unatengenezwa kwa jasho, na hakuna mfano wa Afrika Mashariki unaolionyesha hilo vizuri kuliko ule wa Mocality. Mocality ilikuwa saraka ya biashara nchini Kenya. Waendeshaji wake waliona mapema kwamba hakukuwa na daftari la biashara ndogo ambalo wangeweza kulinunua na kulipakia, basi wakalijenga kwa miguu: mawakala wa kawaida walitumia simu kukusanya jina la biashara, mahali ilipo na namba yake, wakalipwa kwa M-PESA, na taarifa zikahakikiwa kabla ya kuchapishwa. Walifikisha zaidi ya biashara 100,000. Kisha mwishoni mwa 2011 wakaanza kupigiwa simu za ajabu. Wenye biashara walikuwa wakiulizia tovuti walizoahidiwa, huduma ambayo Mocality haikuwa ikiitoa. Wakakagua kumbukumbu za seva na kuona kuna anwani moja ya kompyuta iliyokuwa ikizipitia kurasa za saraka yao kwa utaratibu. Wakaweka mtego. Mgeni wa anwani hiyo akifungua baadhi ya kurasa, badala ya namba ya biashara alionyeshwa namba ya Mocality wenyewe. Simu zikaingia, waliopiga wakijitambulisha kuwa wanatoka kwenye mradi wa Google wa kuziingiza biashara za Kenya mtandaoni, na wengine wakidai kwamba Google na Mocality walikuwa wakishirikiana, jambo ambalo halikuwa kweli. Januari 2012 Mocality iliyaanika yote hadharani, na Google iliomba radhi ndani ya muda mfupi.

Wengi wanaikumbuka habari hiyo kama kisa cha mkubwa kumwonea mdogo, na kweli ilikuwa hivyo. Nadhani kuna jambo la pili ndani yake ambalo lilipita bila kuzungumzwa vya kutosha. Waliokuwa wakifanya kazi kwa niaba ya kampuni kubwa kuliko zote za utafutaji duniani, wakiwa na roboti na seva zote hizo nyuma yao, walihitaji orodha iliyokusanywa na vijana wa mitaani wenye simu za kawaida. Waliihitaji kwa sababu kila namba iliyomo ilikuwa imehakikiwa na mtu. Saraka ya kujaza fomu na kulipa isingewafaa kitu. Hata hivyo Mocality kama biashara haikudumu: ilifungwa mwaka 2013. Uhakiki ni gharama, na anayeubeba asipopata wa kumlipa huelemewa. DMOZ ilitegemea wahariri wa kujitolea, Yahoo ikategemea ada, na ada ikavutia wale waliouza nafasi bila ukaguzi. Basi anayeitaka orodha yenye thamani lazima ajiulize ni nani aliye na sababu nyingine, nje ya biashara ya orodha, ya kuhakiki watu.

Mlima Kilimanjaro unatoa jibu moja. Tangu 2003 upo mradi wa kuwatetea wapagazi, unaofahamika kwa kifupi KPAP, wenye makao Moshi. Mradi huo hufuatilia jinsi kampuni zinavyowatendea wapagazi mlimani: wanalipwa nini, wanabeba uzito kiasi gani, wanakula mara ngapi, wanalala kwenye hema la namna gani. Kampuni zinazofikia viwango hutajwa kwenye orodha ya washirika wake, na inayoshuka inaweza kuondolewa. Mradi haukuanzishwa ili uwe saraka. Lengo lake ni mpagazi. Lakini kwa kuwa una sababu ya kweli ya kukataa, orodha yake imekuwa miongoni mwa viungo vyenye uzito ambavyo kampuni ya kupandisha wageni inaweza kuwa navyo. Waandishi wa safari wa Ulaya na Marekani huitaja, wageni huikagua kabla ya kulipa, na injini za utafutaji huviona viungo hivyo vyote. Kampuni iliyotumia fedha zake kumlipa mpagazi vizuri imepata kitu ambacho mwenzake aliyenunua saraka elfu moja hawezi kukipata kwa bei yoyote.

Hata Google, kwa upande wa ramani, imerudi kwenye uhakiki wa macho. Anayefungua wasifu wa biashara kwenye Google anaweza kutakiwa arekodi video mfululizo bila kukata: aonyeshe barabara na majengo ya jirani, aonyeshe bango la biashara, kisha aonyeshe kitu ambacho mwenye mahali ndiye anayeweza kukifanya, kama kufungua mlango kwa ufunguo au kuingia nyuma ya kaunta. Kwa nchi ambako barua nyingi bado huenda kwenye sanduku la posta, utaratibu huo ni nafuu kubwa kuliko ule wa kusubiri kadi yenye namba ya siri. Namba hiyo ya uthibitisho, ikija kwa simu, asipewe mtu yeyote. Wapo wanaowapigia wafanyabiashara wakijifanya maofisa na kuiomba, na anayewapa amewakabidhi wasifu mzima wa biashara yake.

Kuna mapingamizi yanayohitaji kujibiwa kwa uzito. La kwanza ni kwamba mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji utafutaji, kwa kuwa wateja wake wako Instagram na WhatsApp, na kama wahenga walivyosema, chema chajiuza. Sehemu ya kwanza ina ukweli. Muuza nguo anayepata wateja wote kwa picha za jioni hana haraka ya tovuti. Lakini wahenga walikuwa na soko ambalo mnunuzi alipita mbele ya bidhaa. Mtalii aliyeko Munich, mgonjwa wa Kigoma anayetafuta daktari bingwa, Mtanzania aliyeko Muscat anayetaka wakili wa kumsimamia mirathi, hawa hawapiti mbele ya picha zako. Wanaandika swali. Aidha, akaunti ya mtandao wa kijamii inaweza kufungwa usiku mmoja, na pamoja nayo wakapotea wateja wa miaka kadhaa. Kikoa unachokilipia ni chako.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba mwenye uwezo wa kukataa huutumia vibaya. DMOZ ililalamikiwa kwa wahariri waliozikalia tovuti za washindani wao. Na Google? Tarehe 5 Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa mahakama ya shirikisho mjini Washington alihukumu kwamba kampuni hiyo ilikuwa imeulinda ukiritimba wake wa utafutaji kinyume cha sheria. Mlango unaopitiwa na watu tisa kati ya kumi, mwenye mlango akiwa mmoja, ni hatari, na sitaki kuipunguza hatari hiyo. Ninachosema ni kwamba dawa ya mlinzi mbaya haijawahi kuwa kuondoa milango yote. Saraka zisizo na mlinzi zilikuwa na muongo mzima wa kutuonyesha faida yake na zikatuachia takataka. Dawa ni walinzi wengi wasiotegemeana. Biashara inayotajwa na chama chake cha kitaaluma, na gazeti la nchini, na mradi wa wapagazi au wa mazingira, na chuo ilikotoa mafunzo, haiwezi kufutwa na uamuzi wa mmoja wao. Ndiyo maana nashauri pia Bing isipuuzwe, pamoja na utaratibu wa IndexNow iliouanzisha pamoja na Yandex mwaka 2021, unaoziarifu injini kadhaa kwa pamoja ukurasa unapobadilika.

Wapo pia wanaosema haya yote yamepitwa na wakati, maana watu sasa wanaiuliza akili mnemba na kupewa jibu moja. Lakini jibu hilo linatoka wapi? Copilot ya Microsoft huegemea faharasa ya Bing, na majibu ya Google ya namna hiyo huegemea faharasa ya Google. Mfumo unaotoa majina matatu badala ya kurasa kumi unalazimika kuwa mkali zaidi katika kuchagua unayemwamini, kwa hiyo ushahidi wa watu wengine una thamani kubwa leo kuliko ulivyokuwa jana.

Kwa Kiswahili hali ni ngumu na nyepesi kwa wakati mmoja. Kwa hesabu za wanaopima lugha za tovuti, Kiswahili hakifiki hata asilimia moja ya maudhui ya dunia, ilhali wazungumzaji wake ni makumi ya mamilioni. Maana yake ni kwamba maswali mengi yanayoulizwa kwa Kiswahili hayana ukurasa mzuri wa kuyajibu. Fundi wa umeme wa jua wa Singida atakayeandika kwa ufasaha namna ya kukadiria betri ya nyumba ya vyumba vitatu anaweza kukuta hana mshindani. Google huitambua lugha ya ukurasa kwa kuyasoma maneno yanayoonekana, kwa hiyo ukurasa nusu Kiingereza na nusu Kiswahili unajinyima nafasi pande zote mbili. Ni bora kila lugha ipewe ukurasa wake. Na kujaza tovuti kurasa mia za tafsiri ya mashine bila mtu kuzisoma ni njia fupi ya kuingia kwenye adhabu: sera ya Google ya Machi 2024 dhidi ya maudhui ya kufyatuliwa kwa wingi inagusa mambo kama hayo.

Nimeuliza juu ni nani mwenye sababu ya kuhakiki watu nje ya biashara ya orodha. Wapo, na tunao. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inajua nani ni mhandisi. Chama cha Mawakala wa Utalii, TATO, kinawajua wanachama wake. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa eWakili unaoonyesha nani ni wakili. Baraza la Famasi, bodi ya wahasibu, vyama vya ushirika, mabaraza ya wauguzi, wote wameshalipia gharama ile ya uhakiki. Wamekagua vyeti, wamefanya usaili, wamewaondoa waliokosa maadili. Lakini mara nyingi matokeo ya kazi hiyo huwekwa kwenye faili la PDF lililopigwa picha, ambalo roboti hulisoma kwa taabu, au nyuma ya kisanduku cha kutafutia ambacho roboti haiwezi kukijaza. Jina la mwanachama halina ukurasa wake wala kiungo cha kwenda kwenye tovuti yake.

Ombi langu liende huko. Kila bodi, baraza na chama chenye daftari la watu kiliowahakiki kilifungue daftari hilo: ukurasa mmoja kwa kila mwanachama, wenye maandishi ya kawaida, mji anakofanyia kazi, hali ya usajili wake, tarehe taarifa zilipohuishwa, na kiungo cha tovuti yake. Anayefutwa usajili ukurasa wake uonyeshe hivyo siku hiyohiyo. Na wewe mwenye biashara, kabla hujamtumia mtu fedha ya kukusajili popote, peleka hoja hii kwenye mkutano mkuu ujao wa chama chako.